Mwandishi Akiwa Muuzaji: Alama za Soko katika Fani ya Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno "soko" limezoeleka kutumiwa kama shutuma. Riwaya ikishasemwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya soko, hukumu yake huwa imekwisha kutolewa: hutiwa katika kapu la fasihi pendwa, na fani yake huelezwa kwa taharuki, mapenzi na bastola. Riwaya iitwayo dhati, kwa upande wake, huchambuliwa kana kwamba ilimfikia msomaji bila kupita mikononi mwa mtu yeyote aliyeipangia bei. Mgawanyo huu unachukulia kuwa uuzaji huanza pale uandishi unapokoma. Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, riwaya ambayo hakuna anayeiweka katika kapu la fasihi pendwa, inaonyesha vinginevyo. Mwandishi wake ndiye aliyekuwa mwenye kampuni iliyoichapisha na kuiuza, na alama za uuzaji huo zimebaki ndani ya matini yenyewe. Baadhi yake ni makovu. Baadhi zimegeuka kuwa dhamira.

Mwandishi aliyejua uzito wa kitabu

Samuel Langhorne Clemens (1835–1910), ambaye ndiye Mark Twain, alikulia Hannibal, mji mdogo wa jimbo la Missouri kwenye ukingo wa mto Mississippi. Akiwa kijana alijifunza kazi ya kupanga herufi katika matbaa, kisha akawa rubani wa meli za mvuke, na baadaye mwandishi wa magazeti huko Nevada na California. Wasifu huu unajulikana na hauhitaji kurefushwa. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba alikijua kitabu kama bidhaa ya mikono kabla ya kukijua kama sanaa.

Kitabu chake cha safari, The Innocents Abroad, kilitolewa mwaka 1869 na American Publishing Company ya Hartford, na hakikuuzwa dukani. Kiliuzwa kwa kujiandikisha. Mawakala, wakiwamo askari waliorudi kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe na wanawake waliohitaji kipato, walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na kitabu cha sampuli. Ndani ya sampuli hiyo mlikuwa na kurasa chache za maandishi, picha zilizochaguliwa kwa makini, vipande vya kuonyesha aina za majalada, na mwishoni kurasa tupu zenye mistari ambapo mnunuzi aliandika jina lake. Kitabu kamili kilikuja baadaye. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa mashamba na miji midogo ambako duka la vitabu halikuwapo. Katika mwaka wa kwanza nakala takriban 70,000 ziliuzwa, na Twain akawa mwandishi anayejulikana nchi nzima.

Utaratibu huo ulikuwa na masharti yake. Mkulima aliyetoa dola tatu alitaka kuona amenunua nini, na kwa hiyo kitabu kilipaswa kuwa kinene, kizito na chenye picha nyingi. Roughing It (1872) inaonyesha jinsi unene ulivyotafutwa. Barua alizoandika kutoka Hawaii mwaka 1866 kwa ajili ya gazeti zilirudishwa na kusukwa upya katika sehemu ya mwisho, na viambatisho vikaongezwa juu yake. Wahakiki wanaoilaumu kazi hiyo kwa msuko legelege hawakosei, lakini lawama hiyo ingekuwa na manufaa zaidi kama ingetaja mizani iliyopimia kitabu. Msuko wa visa vinavyofuatana bila kufungana sana, ambao mara nyingi huelezwa kuwa tabia ya Twain, ulikuwa pia umbo lililomfaa wakala: angeweza kufungua sampuli popote na kumsomea mteja kisa kimoja kikamilifu.

The Adventures of Tom Sawyer (1876) ilimpa funzo la aina nyingine. Toleo la Uingereza lilitangulia mwezi Juni. Wachapishaji wa Toronto wakainakili bila idhini na kuingiza nakala za bei ya chini Marekani kabla toleo la Marekani halijatoka mwezi Desemba. Riwaya ambayo leo inasomwa duniani kote ilimpatia kipato kidogo kuliko alivyotarajia. Mwaka 1884 aliamua kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Charles L. Webster and Company, iliyopewa jina la mume wa mpwa wake. Webster ndiye aliyekuwa meneja. Fedha na maamuzi makubwa vilikuwa vya Twain. Kitabu cha kwanza cha kampuni hiyo kilikuwa Huckleberry Finn, na agizo la mwenye mali lilikuwa wazi: kisitoke mpaka oda 40,000 ziwe zimepatikana. Bei ilikuwa dola 2.75 kwa jalada la kitambaa, na ilipanda hadi dola 4.25 kwa jalada lenye ngozi ya hali ya juu.

Sura iliyokatwa

Mwezi Aprili 1884, kitabu kikiwa katika maandalizi, Webster alipendekeza kupunguza kipande kirefu kinachosimulia jinsi Huck anavyoogelea usiku hadi kwenye chelezo kikubwa cha wasafirisha mbao, akajificha na kuwasikiliza wakijigamba, wakipigana na kusimuliana hadithi ya mzimu. Twain alikubali. Kipande hicho kilikuwa tayari kimetumika katika Life on the Mississippi (1883), kwa hiyo hakikuwa kigeni kwa wasomaji wake. Lakini sababu iliyotangulia ilikuwa ya kibiashara. Kitabu kipya kilikuwa kirefu kuliko Tom Sawyer, na mpango ulikuwa vitabu hivyo viwili viweze kuuzwa pamoja, vikiwa na umbo linalokaribiana.

Athari yake katika msuko si ndogo. Huck anakwenda kwenye chelezo kile kwa shabaha maalumu. Yeye na Jim, mtumwa mtoro, wanautafuta mji wa Cairo, mahali ambapo mto Ohio unaingia Mississippi na ambapo Jim angeweza kuelekea majimbo yasiyo na utumwa. Hawajui wataujuaje mji huo gizani. Miongoni mwa mazungumzo anayoyasikia Huck ni yale yahusuyo tofauti ya mito ya maji safi na mito ya maji ya matope. Baadaye, katika sura ya 16, asubuhi moja wanaona maji safi upande wa ukingo na maji ya matope upande wa nje, wakatambua kuwa Cairo wameshaipita. Katika toleo la 1885 utambuzi huo unakuja ghafla. Msomaji hakuandaliwa, anapokea maarifa ya mto ambayo hakuonyeshwa yalikotoka.

Hiki ndicho kitovu cha riwaya nzima. Mahali hapo ndipo safari ya Jim kuelekea uhuru inapogeuka kuwa safari ya kuteremka kusini, ndani zaidi ya nchi ya watumwa. Wahakiki wamejadili kwa miaka mingi kwa nini mtumwa anayetafuta uhuru anasafirishwa kuelekea kusini, na majibu mengi yametafutwa katika saikolojia ya mwandishi au katika ishara ya mto. Majibu hayo yana nafasi yake. Lakini ni vigumu kuyajadili kwa haki bila kwanza kukiri kwamba ngazi iliyompandisha msomaji hadi kwenye tukio hilo iliondolewa ili kitabu kilingane na kingine. Pengo katika msuko huu halikutokana na uzembe wa msanii. Lilitokana na uamuzi wa mwenye kampuni, na mwenye kampuni alikuwa msanii yuleyule.

Jim wa sampuli na Jim wa riwaya

Kabla ya kutoka kwa kitabu nchini Marekani tarehe 18 Februari 1885, umma ulikutana nacho kwa njia tatu: sampuli za mawakala, vipande vilivyotolewa katika jarida la Century kuanzia Desemba 1884 hadi Februari 1885, na maonyesho ya jukwaani ambayo Twain alisafiri kuyafanya pamoja na mwandishi George W. Cable. Katika njia zote tatu Jim aliuzwa kwanza kama kichekesho. Kipande cha Januari kilichobeba jina lake kilihusu biashara zake zilizoharibika na ubishi wake kuhusu hekima ya Mfalme Suleimani. Jukwaani pia ubishi huo wa Suleimani ulikuwa miongoni mwa vipande alivyosoma Twain.

Picha ziliongeza uzito upande huohuo. Mchoraji E. W. Kemble alikuwa kijana wa miaka 23 ambaye wakati huo hakuwa amewahi kufika kusini mwa Marekani, na alimtumia mvulana mmoja wa Kizungu kuwa kielelezo cha wahusika wote, Jim akiwamo. Jim anayeonekana pichani ni kikaragosi cha aina iliyozoeleka katika magazeti ya vichekesho ya enzi hiyo. Twain alizikagua picha kwa jicho kali. Alilalamika kwamba uso wa Huck ulikuwa mbaya kuliko inavyopasa, na alikataa kabisa picha ya tapeli anayewabusu wasichana katika mkutano wa dini, kwa kuwa jambo lile lingeweza kusomwa lakini lisingevumilika kutazamwa. Alijua, basi, kwamba picha huuza na kwamba picha huudhi. Uangalifu huo haukumfikia Jim. Mnunuzi Mzungu aliyesimama mlangoni kwake hakutarajiwa kuudhika kwa hilo.

Ndani ya riwaya yupo Jim mwingine. Yupo anayemkemea Huck baada ya Huck kumdanganya kuhusu usiku wa ukungu, na Huck akalazimika kuomba radhi. Yupo pia, katika sura ya 23, anayelia usiku kwa kukumbuka jinsi alivyompiga binti yake mdogo kwa kutotii, kabla ya kugundua kwamba homa ilimwacha mtoto huyo kiziwi. Usawiri huu hauna nafasi katika biashara ya kichekesho. Hauwezi kuchomolewa na kusomwa mlangoni kwa dakika mbili, kwa sababu nguvu yake inatokana na kurasa zote zilizotangulia. Hapa ndipo tofauti ya matini na tangazo lake inapodhihirika. Tangazo lilichukua kutoka kwa Jim kile kilichoweza kukatwa vipande. Riwaya ilihifadhi kile kisichokatika.

Suala la hitimisho la riwaya nalo linafaa kutazamwa kwa mwanga huu. Sura za mwisho, ambamo Tom Sawyer anamfanya Jim mfungwa wa mchezo wake ilhali anajua fika kwamba ameshaachiwa huru, zimelaumiwa sana. Ernest Hemingway, katika Green Hills of Africa (1935), kitabu kilichotokana na safari yake ya uwindaji huku Tanganyika, aliisifu riwaya hii kuliko zote za Marekani, lakini akamshauri msomaji aishie pale Jim anapoibwa. Wengine, T. S. Eliot na Lionel Trilling wakiwamo, walilitetea hitimisho hilo kwa hoja za umbo. Kwa Twain muuzaji hapakuwa na mjadala: sehemu hiyohiyo ya kumtorosha Jim ilikuwa miongoni mwa vipande vilivyoshangiliwa zaidi jukwaani, naye aliandika nyumbani akifurahia mafanikio yake. Haifai kusema kwamba jukwaa ndilo lililosababisha hitimisho hilo, kwani mswada ulikuwa umekamilika mwaka 1883, kabla ya ziara kuanza. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi lakini lina uzito: kile ambacho wahakiki wa karne ya 20 wamekiona kuwa udhaifu ndicho ambacho mwandishi alikiweka mbele ya wateja wake kuwa bidhaa bora.

Riwaya inamjua muuzaji

Kama hoja ingeishia hapo, Twain angeonekana mfanyabiashara aliyeihujumu sanaa yake. Matini inakataa usomaji huo mwepesi, kwa sababu hakuna riwaya ya karne hiyo inayomchambua muuzaji kwa undani kuliko hii. Matapeli wawili wanaopanda chelezo, mmoja akijiita Mfalme na mwingine Duki, ni watu wa matangazo. Duki anajua kazi ya matbaa, kama Twain mwenyewe. Anachapa vipeperushi vya tamthilia ambavyo haviwavuti watu, kisha anachapa kingine cha onyesho jipya na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, anatangaza kwamba wanawake na watoto hawaruhusiwi kuingia. Ukumbi unafurika wanaume. Onyesho lenyewe ni upuuzi wa dakika chache. Watazamaji wanapotaka kufanya fujo, mmoja wao anashauri wasijiaibishe, bali walisifu onyesho hilo mjini ili wengine nao watapeliwe. Usiku wa pili ukumbi unajaa tena. Usiku wa tatu wanakuja wote wakiwa na mayai viza, na matapeli wanatoroka wakiwa na jumla ya dola 465.

Kisa hiki huchekesha, na kwa kawaida huhakikiwa kama tashtiti dhidi ya ujinga wa miji midogo. Kinafundisha zaidi kikisomwa kama maelezo ya jinsi sifa ya kazi ya sanaa inavyotengenezwa. Mteja aliyelaghaiwa hugeuka kuwa wakala ili asibaki mjinga peke yake. Inashangaza kwamba mtu aliyekuwa akitayarisha jeshi la mawakala aliandika jambo hili, na inashangaza zaidi kwamba mawakala hao walilibeba kitabuni na kuliuza. Hata ile ilani iliyowekwa mwanzoni mwa kitabu, inayomtishia kwa adhabu yeyote atakayetafuta shabaha, funzo au msuko ndani yake, inafanya kazi ileile ya kipeperushi cha Duki: katazo linalovuta.

Duki huyohuyo anachapa tangazo jingine, la mtumwa mtoro, likiwa na picha, maelezo ya Jim na zawadi ya dola 200, ili chelezo kiweze kusafiri mchana bila maswali. Kwa mashine ileile anayotangazia biashara zake, anamgeuza Jim kuwa tangazo. Ndipo dhamira ya bei inapojengeka, kwa namna ambayo haijapewa uzito wa kutosha. Jim anatoroka kwa sababu alisikia kwamba angeweza kuuzwa kwa dola 800. Wasaka watoro wanaoogopa ndui wanampa Huck sarafu mbili za dhahabu za dola 20, yaani dola 40, wakaenda zao bila kukikagua chelezo. Mfalme anamuuza Jim kwa dola 40. Na mwishoni kabisa Tom anampa Jim dola 40 kwa kuwa mfungwa mvumilivu, naye Jim anafurahi. Kiasi kilekile kinarudi mara tatu: kama malipo ya dhamiri iliyoogopa, kama bei ya usaliti, na kama ujira wa burudani. Malipo ya tatu ndiyo yanayouma. Jim ameshakuwa huru, lakini bado analipwa kama mtu aliyewachekesha wengine, na kwa kiasi ambacho riwaya imekwisha kukitia doa mara mbili. Msomaji aliyeyalipia maonyesho ya Twain jukwaani ili amcheke Jim huyohuyo hayuko mbali na Tom katika ukurasa huo.

Mwezi Machi 1885 kamati ya maktaba ya umma ya Concord, Massachusetts, ilikiondoa kitabu kwa kukiona hakifai. Twain alimwandikia Webster kwamba uamuzi huo ungewauzia nakala 25,000. Wasomi wa Kiswahili wanaijua hali inayokaribiana na hiyo kupitia Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, iliyopigwa marufuku shuleni na baadaye ikakubalika humo. Tofauti iko katika aina ya soko. Nchini Tanzania na Kenya mnunuzi mkubwa wa riwaya ni shule, kwa hiyo marufuku ya shule hufunga mlango mkuu wa mauzo. Kwa Twain, aliyeuza mlangoni mwa nyumba za watu, marufuku ya maktaba ilifungua milango. Mtafiti anayetaka kueleza kwa nini riwaya nyingi za Kiswahili ni fupi, kwa nini mapenzi husawiriwa kwa tahadhari, au kwa nini Ben R. Mtobwa aliona haja ya kuwa na kampuni yake, Heko Publishers, ana sababu nzuri ya kuanzia kwenye oda ya shule kabla ya kufika kwenye itikadi ya mwandishi.

Kampuni ya Webster ilipata faida kubwa kwa kumbukumbu za Rais Ulysses S. Grant, ambazo mjane wake alilipwa hundi ya dola 200,000 mwaka 1886, kisha ikadhoofika kwa vitabu vilivyokosa wanunuzi na kwa mtaji uliotolewa kwenda kwenye mashine ya kupangia herufi ambayo haikufaulu. Ilifilisika mwezi Aprili 1894, na Twain alilazimika kuzunguka dunia akitoa mihadhara ili kulipa madeni.

Kipande cha chelezo kilirudishwa mahali pake katika toleo la University of California Press la mwaka 1985. Wahariri walitoa hoja kwamba kilikatwa kwa sababu zisizo za kisanaa. Hoja hiyo inategemea kuwatenganisha Twain wawili, mwandishi na mwenye kampuni, ilhali aliyekubali mkato alikuwa mmoja, na hakuna ithibati kwamba baadaye alitaka kukirudisha. Kwa upande mwingine, bila kipande hicho sura ya 16 inabaki na swali lisilo na jibu kuhusu maji ya mito miwili. Kwa mfasiri wa Kiswahili jambo hili si la nadharia. Atalazimika kuchagua toleo moja, na pamoja nalo kuamua kama picha za Kemble zitaandamana na maneno ya Jim.